Kashata Haikatwi ya Moto

Soko la Hakaniemi, Julai ikiingia, huwa halina adabu. Stroberi zinakuita kwa harufu ukiwa bado ndani ya tramu, watu wazima wanatafuna njegere mbichi barabarani kama mbuzi, na shakwe, wale ndege wa baharini, wezi wasio na aibu, wamejipanga juu ya mahema wakikagua nani ana mkono legelege. Siku hiyo jua liliwaka mpaka Helsinki nzima ikavua soksi.

Pinja Kettunen alipita katikati ya vurugu hiyo kama mtu anayekatiza chumba cha kusubiria. Alivaa suruali nyeupe ya kliniki na fulana ya kijivu, nywele zake za rangi ya majani makavu kazifunga kwa mpira uliokwisha nguvu. Alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Mchana kutwa aliandaa sindano za ganzi za watu wengine, na jioni alirudi nyumbani na ganzi yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyemdunga.

Ilimwingia Februari, walipomzika bibi yake, Hilja. Wote walilia. Pinja alimimina kahawa, akawashukuru waliokuja, akaosha vikombe. Tangu hapo alikuwa akiyangoja machozi yake kama mtu anayengoja tramu kwenye njia iliyofungwa.

"Lita ya mwisho ya bluberi za msituni!" alipaza sauti Tellervo, mama wa makamo mwenye mikono ya buluu hadi viwikoni. "Za kwanza kabisa mwaka huu! Asiyenunua akalie kwao!"

"Hiyo," alisema Pinja.

"Hiyo," ilisema palepale sauti nyingine, nzito, yenye kicheko ndani yake.

Tellervo akawatazama. "Haya, mapacha. Simameni mgongo kwa mgongo, mrefu achukue."

"Basi nimeshashinda," alisema kijana. Kweli alikuwa mrefu, mrefu wa kuinamia milango. Aproni yake ilikuwa na michirizi myekundu, ndevu zimemwagikiwa unga, na miguuni, katika jua lote lile, alivaa buti za mpira za njano kubwa kama mitumbwi. "Ila mimi muungwana. Tugawane nusu kwa nusu. Naitwa Otso. Nina kibanda cha kahawa mle ndani ya jengo la soko. Na wewe?"

"Pinja."

"Pinja, na hizo unafanyia nini?"

"Sijui bado."

"Mimi najua za kwangu. Wateja wananililia kashata ya beri isiyo na nafaka. Si ngano, si shayiri, si oti. Nusu ya mji huu tumbo limegombana na mkate. Nimeoka mara chungu nzima. Tazama aibu yangu." Akatoa mfukoni kipande kilichofungwa kwa karatasi. Kufungua tu, kikamwagika kiganjani kama mchanga.

"Uliikata ya moto," alisema Pinja.

"Umejuaje?"

"Inaonekana."

Kabla Otso hajajibu, shakwe mmoja alishuka, akachota kiganja kizima, akaruka nacho hadi juu ya hema. Akaonja. Akatema.

Tellervo alicheka mpaka akashika meza. "Otso, hata mla-jalala kakukatalia!"

Otso alicheka pia, halafu akamgeukia Pinja. "Wewe mbona hucheki? Unafanya kazi gani?"

"Kwa daktari wa meno."

"Aa! Ndiyo maana unayaficha. Unaogopa tutaomba tuyakague."

Pinja aliona kwamba hilo lilikuwa jambo la kuchekesha. Aliliona tu, jinsi unavyoliona duka upande wa pili wa barabara. Lakini midomo yake ikasema yenyewe: "Bibi yangu alikuwa anazioka. Mimi pia nafaka inanidhuru, tangu mtoto. Nikitoka kazini kesho naweza kuja kukuonyesha."

Kwa nini alisema hivyo? Hata yeye hakujua. Labda alitaka kusikia jina la bibi yake likitajwa kwenye chumba chenye joto.

*

Walioka kibanda kilipofungwa, jua la jioni likiwa bado limejaa madirishani. Pinja alisugua siagi kwenye unga wa lozi, akavunja mayai, akapima asali kwa jicho. Iliki aliitwanga papo hapo, maana Bibi Hilja alikuwa akisema iliki ya kopo ni vumbi lenye jina kubwa. Beri akazichanganya na wanga wa viazi, kijiko kimoja tu, ili maji yake yasiloweshe chini.

"Na sukari?" aliuliza Otso.

"Beri zina kazi gani?"

"Samahani, mwalimu."

Kashata ilipotoka jokoni, rangi ya zambarau ikichemka pembeni, Otso alikuwa ameshashika kisu.

"Weka chini."

"Pembeni tu, chembe."

"Umeniitaje?"

"Chembe. Si wewe uliyeniona nikimwagika? Sasa wewe ni chembe yangu."

"Weka kisu chini, Otso. Nafaka ndiyo inayoshika keki za watu. Hii haina cha kuishika ila subira. Ukiikata ya moto unakula mchanga. Lazima ipoe, ipoe kabisa, mpaka ufikiri imekusahau."

Basi wakaiacha ipoe, wakaenda kukaa ukingoni mwa maji karibu na daraja. Otso alivua mitumbwi yake ya njano akatia miguu baharini. Alimwambia kwao ni kaskazini, mama yake anaishi karibu na vinamasi vya lakka, zile beri za rangi ya dhahabu ambazo mtu wa kule yuko radhi akuazime mke kuliko kukuambia anazichuma wapi.

"Na wewe unapajua, mahali pa mama yako?"

"Napajua. Ila niulize kitu kingine, dhahabu yangu. Niulize hata namba ya siri ya benki."

Akambusu hapo. Mdomo wa Pinja ulijua kwamba umebusiwa jinsi mgonjwa anavyojua kwamba jino limeng'oka: kwa habari, si kwa hisia.

"Otso," alisema, "mimi sisikii kitu. Si wewe. Ni tangu Februari. Nakuona mzuri, naona ungenifaa, lakini naona tu."

Mwanamume mwingine angevaa buti zake akaondoka. Otso aliyatazama maji kidogo. "Si umeniambia tungoje ipoe?" alisema. "Basi mimi nangoja."

*

Bibi Hilja alikuwa na mahali pake pa bluberi. Ni wapi? Msomaji, usinitazame hivyo, mimi nina familia. Nitasema tu unapanda basi, unashuka, unatembea na taulo la kuogelea begani ili majirani wadhani unakwenda ziwani, na kabla ya kuingia msituni unageuka kutazama nyuma. Pinja aliambiwa akiwa na miaka kumi na mitano, ndani ya sauna, kwa mnong'ono, wakati hapakuwa na mtu wa tatu humo ila mvuke. "Wewe peke yako," bibi alisema. "Usimwambie hata mumeo."

Mwisho wa Julai Pinja alimpeleka Otso huko. Kwa watu wa kwetu hilo ni zito kuliko kumpeleka mtu kwa wazazi. Wazazi wanaonekana bure.

"Apa," alisema Pinja chini ya misonobari.

"Naapa kwa kahawa."

"Apa kwa kitu unachokipenda."

"Si ndiyo nimekwishaapa?"

Vichaka vilikuwa vimeinama kwa uzito. Otso alichuma moja ndooni, tatu kinywani, mpaka ulimi ukawa buluu kama wino. "Chembe," aliita, "nikifa leo, daktari atasema nimekunywa kalamu." Pinja akasikia kitu kikimtekenya pembeni ya mdomo. Kilikuwa kidogo sana. Kilikwenda zake kabla hajakishika, lakini usiku ule alikikumbuka, akapata usingizi.

Kwa wiki mbili mambo yalikuwa hivyo. Kila saa ya chai Otso alimpigia simu.

"Halo, dhahabu. Meno mangapi leo?"

"Sita."

"Na mimi kashata trei mbili, zimekwisha. Hakuna hata moja iliyomwagika. Yule shakwe amekuja kuomba radhi."

"Alisemaje?"

"Sikumwelewa. Alikuwa amejaza mdomo."

Kisha Pinja akarudi msituni peke yake, Otso yuko kazini. Alibeba ndoo, taulo begani, akageuka nyuma kama desturi.

Vichaka vilikuwa vitupu. Havikuchumwa kwa mkono. Vilikuwa vimechanwa kwa kitana cha kuchumia, kichaka kwa kichaka, mpaka majani yamesimama kama nywele za mtu aliyetishwa. Haikubaki hata ya ndege.

Alirudi mjini akaenda moja kwa moja mpaka dirisha la kibanda cha Otso. Otso alikuwa amempa kisogo, anacheka na mteja. Kwenye ubao, kwa chaki: *Kashata, bluberi za msituni, zimechumwa jana.* Na chini yake trei iliyojaa, nyeusi, inang'aa.

Hakuingia. Alipiga simu akiwa kituo cha tramu.

"Chembe!"

"Beri za leo umetoa wapi?"

"Kwa Tellervo. Kwani vipi?"

"Tellervo kazitoa wapi?"

"Kwa wachumaji wake. Anatwambia, yule? Pinja, una nini?"

"Nimetoka kule. Pamechanwa pote."

"Masikini. Pole. Nani kafanya hivyo?"

"Wanaopajua ni wawili duniani. Mmoja ni mimi."

"Aisee." Kicheko kilikuwa kimemtoka sautini. "Sijarudi kule. Nilikuapia."

"Kwa kahawa."

"Pinja, ni mimi huyu. Njoo hapa, kaa, nikutazame usoni halafu useme tena."

"Sina la kuongeza," alisema Pinja, akaikata simu kama anavyokata uzi wa mshono kwenye fizi ya mgonjwa: safi, karibu na fundo. Akangoja uchungu. Haukuja. Tramu ndiyo iliyokuja, akapanda.

Otso alipiga siku hiyo, akapiga iliyofuata. Aliacha ujumbe wa sauti, na mwishoni alisema, "Shakwe anakuulizia." Halafu hakupiga tena. Pinja alifuta ujumbe huo, akaandaa sindano za ganzi, akafua suruali zake nyeupe. Kila mtu kazini alimwambia anaonekana ametulia.

*

Baba yake Pinja, Raimo, alikuwa fundi lifti mstaafu, mjane, anayeishi peke yake kwenye ghorofa za mtaa wa Kontula. Tangu mazishi ya Bibi Hilja, ambaye alikuwa mama yake mzazi, alizungumza na binti yake kwa simu kila Jumapili, hivi:

"Baba."

"Eh."

"Mzima?"

"Mzima. Huko mvua?"

"Hakuna."

"Haya."

Kwa ukoo wa Kettunen hayo yalikuwa mazungumzo marefu. Ndiyo maana Pinja alishtuka siku moja katikati ya wiki baba alipopiga mwenyewe.

"Friza imejaa," alisema Raimo. "Njoo uchukue." Akakata.

Alimkuta jikoni, shati limeingizwa vizuri ndani ya suruali, mbele yake trei ya kitu cha zambarau kilichomomonyoka. Raimo alikitazama kama anavyotazama lifti iliyokwama.

"Najaribu ya mama," alisema. "Inavunjika."

"Umeikata ya moto, baba."

"Nilikuwa na njaa."

Akafungua friza. Bluberi. Mifuko juu ya mifuko, imepangwa kama matofali. Pinja aliitazama mpaka baridi ikamgusa magoti.

"Umechuma wapi zote hizi?"

"Msituni."

"Msitu gani?"

"Msitu tu." Macho yake yalikwenda dirishani. Na pale karibu na mlango Pinja akaona, juu ya ndoo na kitana cha kuchumia, taulo la kuogelea. Baba yake hajui kuogelea.

"Baba. Wewe unageuka nyuma kabla ya kuingia?"

Raimo aligeuka polepole. "Nani kakuambia habari hiyo?"

"Bibi. Ndani ya sauna. Aliniambia mimi peke yangu."

"Haiwezekani. Aliniambia mimi peke yangu. Mwaka niliooa. Ndani ya sauna."

"Akasema usimwambie hata..."

"...mkeo. Na sikumwambia! Ameondoka duniani hajui!"

Walitazamana. Miaka yote hiyo wamekwenda msitu mmoja, kila mtu na taulo lake, kila mtu siku yake, wakirudi mjini kudanganyana kuhusu ziwa.

"Na mwaka huu," alisema Raimo, sauti ikipanda, "naenda, naona alama za buti. Kubwa hivi! Nikasema basi, tumeibiwa, kuna jitu limepajua. Nikarudi na kitana, nikachana zote kabla halijarudi. Nilitaka zibaki nyumbani."

"Hilo jitu ni langu, baba," alisema Pinja. "Linaitwa Otso. Nilimpeleka mimi."

"Ulimpeleka? Kule?" Raimo akaketi. "Basi unampenda."

Pinja alifunga friza. Baba yake akaanza kutikisika mabega, na mwanzoni Pinja alidhani amepatwa na mshtuko wa moyo. Alikuwa anacheka. "Yule bibi kizee!" alisema, akifuta macho kwa kitambaa cha sahani. "Yule bibi kizee mwongo!" Akaendelea kufuta hata kicheko kilipokwisha, na Pinja akaona kwamba baba yake pia alikuwa akingoja tangu Februari.

Walikula kashata iliyomwagika kwa vijiko, na maziwa. Iliki ilikuwa ya kopo. Mahali fulani nyuma ya koo la Pinja kitu kilianza kuchomachoma kama sindano ndogondogo. Alikijua. Wagonjwa wake hukilalamikia kila siku: ganzi ikiondoka, haianzi na raha.

*

Kesho yake alikwenda Hakaniemi na trei ya kashata aliyooka mwenyewe, iliyopoa usiku kucha, imekatwa vipande vilivyonyooka kama vigae. Alivaa gauni la kijani, la kwanza tangu kiangazi kianze. Kwenye kibanda cha Otso palikuwa na foleni. Alijipanga. Ilipofika zamu yake Otso aliinua macho, na kicheko kilichokuwa usoni mwake kikazimika.

"Karibu. Kahawa?"

"Otso."

"Ya maziwa au nyeusi? Watu wako nyuma yako."

"Mwache aseme, bwana," alisema Tellervo, ambaye alikuwa wa tatu. "Sisi tuna muda wote."

Watu wa mji huu wakilazimika kusema la moyoni mbele za watu, huomba ardhi ipasuke. Pinja alishika ukingo wa meza. "Nilikusingizia," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Aliyechana mahali petu ni baba yangu. Bibi alitwambia wote wawili, kila mmoja peke yake. Ulisema kweli, na mimi sikukupa hata nafasi ya kunitazama."

Mzee mmoja mwenye kofia kwenye foleni akakohoa. "Samahani, binti. Hapo mahali ni upande gani?"

"Haikuhusu!" walisema Pinja na Otso kwa pamoja.

Tellervo akacheka peke yake. Otso hakucheka. Alizunguka meza, akasimama mbele ya Pinja na buti zake za njano, akasema chinichini: "Uliikata ya moto, Pinja."

"Najua."

"Nilimwagika."

"Najua. Na mimi sikusikia kitu. Hilo ndilo lililonitisha baadaye. Nilikaa nikajiambia, huyu mtu ameondoka na mimi nafua suruali." Akamsogezea trei. "Baba anataka kuliona jitu lenye buti. Anasema litamsaidia kubeba ndoo mwakani."

Otso alichukua kipande. Akakigeuza. Hakikudondosha hata chembe. Akala polepole, watu wote wakingoja kahawa yao, akameza. Halafu akainama mpaka ndevu zikamgusa Pinja sikioni, akanong'ona kwa muda. Alitaja barabara, daraja, na msonobari uliopigwa radi. Zaidi ya hapo nilisimama mbali, sikusikia.

Pinja alirudi nyuma nusu hatua. "Hapo si ndipo..."

"Ndipo. Lakka za mama. Ameniapisha nisimwambie mtu ila mke." Akakuna ndevu. "Sasa nimeshasema. Ama unakubali nikuoe, ama itabidi nihamishe kinamasi kizima. Na mgongo unaniuma."

"Sasa hivi?"

"Hapana, chembe. Itapoa kwanza. Ipoe kabisa, mpaka ufikiri imekusahau. Nimeuliza tu kama tuiache jikoni au tuimwage."

Pinja alitazama chini. Aliuma mdomo wake wa chini, kwa nguvu, jinsi anavyowakataza wagonjwa kufanya kabla ganzi haijaisha.

Iliuma.

Akauma tena, kuhakikisha.

"Tuiache," alisema. Kwa mtu wa ukoo wa Kettunen hiyo ilikuwa hotuba nzima. Mzee mwenye kofia akauliza kama sasa anaweza kupata kahawa.